Udongo wa Kuzibia

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kuunganisha reli, huuliza kwanza kama umeme haujawahi kunipiga. Haujanipiga kwa sababu hatuutumii. Tunatumia unga. Nikisema unga wanacheka, wanadhani nawatania, nami huwaacha wacheke wamalize kwa sababu nimechoka kueleza. Ni unga wa vitu viwili: alumini iliyosagwa na kutu ya chuma, kutu ya aina ile ile inayotafuna mabati ya banda la kuku. Unakuja umeshachanganywa kiwandani, umefungwa kwenye mfuko usioingiza unyevu. Ukiumimina kwenye chungu chake na kuuwasha, alumini inaipokonya kutu oksijeni yake, na katika kupokonyana huko linatoka joto ambalo hakuna tanuri la mtaani litakalolifikia. Kutu inarudi kuwa chuma. Chuma kinayeyuka, kinashuka kupitia tundu la chini ya chungu, kinajaza pengo kati ya ncha mbili za reli, na hapo pengo limekwisha. Yote hayo yanakwenda haraka kuliko nilivyoyasimulia.

Vitabu vinauita thamaiti. Kwenye genge letu tuliuita unga, na kuuwasha tulikuita kupika. Asubuhi mtu akiuliza, "Leo anapika nani?" hakuwa anaulizia chakula. Na mpishi hakuwa mtu yeyote tu. Mwanagenzi alifanya kila kitu kingine: alikata reli, akaipanga, akafunga kalibu, akaipasha moto kwa gesi. Lakini kuwasha unga hakuruhusiwa mpaka siku ya mtihani wake, mbele ya mkaguzi, kwenye reli yenyewe inayopita treni. Ukifaulu unapewa alama yako ya kugonga pembeni ya kiungo, ili hata miaka mingi baadaye kikipasuka ijulikane nani wa kulaumiwa. Watani wangu waliufurahia sana utaratibu huo. Walisema mimi ndiye mwanamke wa kwanza Mkoa wa Pwani kukatazwa kupika.

Nilikuwa nimeusubiri mtihani huo muda mrefu. Nilikuja Kibaha kutoka Singida na cheti cha ufundi na mume, tukapanga Mkuza, baadaye tukapata kiwanja huko huko tukaanza kujenga kidogo kidogo. Mume wangu ni mtumishi wa serikali. Kazi yake ni ya mezani na hurudi nyumbani na shati safi. Mimi niliamka alfajiri, nikaenda kituo cha Kwa Mathias kusubiri gari la kazi, na jioni nikarudi nanuka moshi. Kuna jirani aliyeamini kwa muda mrefu kwamba nauza samaki wa kukaanga, na sikuona sababu ya kumbishia.

Genge letu lilikuwa kwenye reli ya zamani, kipande kinachopita upande wa Kisarawe hadi kufika Soga. Reli mpya ya umeme iko jirani, na treni zake zikipita tuliinua macho mara moja tukarudi kuinama. Tulikuwa watano. Wawili walibeba vifaa na kukaa mbali kidogo kila upande kuangalia njia, na hawaingii sana katika habari hii. Msimamizi alikuwa mzee wa Mlandizi, mwenyeji kabisa, aliyeanza kazi ya reli mimi sijazaliwa, na ambaye alizungumzia mihogo yake kuliko alivyozungumzia reli. Wa nne alikuwa mwanagenzi mwenzangu, kijana wa Kisukuma mwenye mdomo mwepesi na mikono mizito. Nilimpenda. Tulianza kazi pamoja, na kila mmoja alikuwa akiusubiri mtihani wake.

Kabla ya kupika kuna kuziba. Kalibu ni vipande viwili vya mchanga ulioshikamanishwa kiwandani, unavifunga pande mbili za reli kwa vibanio, na hata ungevifunga vipi, hubaki mianya. Mianya hiyo inazibwa kwa udongo. Ukiacha hata upenyo mdogo, chuma kilichoyeyuka kitautafuta na kutokea hapo, na kikikuta maji kwenye kokoto, maji yanageuka mvuke papo hapo na kila kitu kinaruka. Mzee alikuwa na makovu mgongoni mwa mkono wa kushoto. Hakuyaeleza na hakuna aliyemuuliza. Kabla ya kila upishi aliizunguka kalibu akiubonyeza udongo kwa dole gumba, pole pole, pande zote, na asipotikisa kichwa ndipo tulipojua kwamba kazi inaendelea.

Udongo wenyewe ulitoka vilima vya Pugu. Ni mweupe, laini, hauogopi moto. Ulitufikia mkavu kwenye gunia, tukauponda, tukauchanganya na mchanga, tukaukanda kwa maji kidogo. Kazi ya kukanda ilikuwa yangu. Mzee alisema mkono wangu umekaa kimaandazi, na kwa kuwa alisema akimaanisha sifa, niliichukua kama sifa.

Basi nikapata mimba. Tulikuwa tumeitafuta kwa miaka kadhaa, kisha tukaacha kuitafuta, na ilipokuja nilikuwa nimebakiza miezi michache kufika mtihani. Nilipima kwa kipimo cha duka la dawa, nikaenda kliniki Tangini wakanithibitishia, nikarudi nyumbani nikapika ugali na mlenda kama siku zote. Sikumwambia mume wangu. Ni mtu mwema, lakini hana kifua cha kuweka siri. Angempigia mama yake Bukoba usiku ule ule, mama yake angepanda basi, na kabla ya wiki kuisha ningekuwa nimekalishwa kwenye kochi miguu juu. Kazini nako kanuni ilikuwa wazi. Mjamzito hakai karibu na chungu. Hapandi reli kabisa, anahamishiwa stoo. Sisemi kanuni hiyo ilikuwa mbaya. Moshi ule siyo mzuri kwa mtu yeyote, na kubeba vibanio siyo kazi ya mwenye tumbo. Nasema tu kwamba mkaguzi alikuwa anakuja, ovaroli yangu ilikuwa pana, na niliamua kwamba nitapika kwanza, mambo mengine baadaye.

Nilikuwa nimepiga hesabu zangu zote isipokuwa moja. Sikuwa nimefikiria kwamba udongo utaniita.

Wanawake watanielewa, na wanaume watauliza wake zao. Ilianza kwa harufu. Nilikuwa nakanda, maji yakaingia kwenye udongo mkavu, ikapanda ile harufu ya mvua ya kwanza, na mate yakanijaa mdomoni nikashindwa kumjibu kijana aliyekuwa ananiuliza nyundo iko wapi. Siku hiyo nilijizuia. Kesho yake nilivunja kipande kidogo kikavu kutoka kwenye gunia, nikageuka upande wa vichaka, nikakila. Kilikuwa kitamu. Sijui kueleza utamu wenyewe, hauna sukari wala chumvi, lakini nilihisi kwamba hicho ndicho chakula nilichonyimwa tangu utotoni. Nikala kingine.

Sikumaliza gunia, nisieleweke vibaya. Nilikula kipande asubuhi na kipande baada ya chakula, na siku za joto kali labda cha tatu. Lakini msimamizi wetu alikuwa mkulima, na mkulima anajua gunia linapungua kwa kasi gani.

"Huu udongo unakwenda wapi?" aliuliza siku moja akilitikisa.

"Mchwa, mzee," kijana akajibu. "Mchwa wa Kisarawe wana njaa."

"Mchwa hawali udongo huu."

"Basi sijui, mzee. Muulize dada, yeye ndiye mpishi wa maandazi."

Nilisema labda nazidisha kwenye kukanda na kwamba nitapunguza. Kuanzia siku hiyo nikaacha gunia nikaanza kununua wangu. Kwa Mathias, karibu na pale tuliposubiria gari, kulikuwa na mama aliyepanga ubuyu, ndimu na karanga kwenye meza, na pembeni ya meza aliweka pemba. Ndivyo huku wanavyouita udongo wa kula, pemba, umekatwa vipande vyeupe virefu. Niliposimama mbele ya meza yake mara ya kwanza alinitazama usoni, akanitazama ovaroli, akatabasamu.

"Wa ngapi huyu?"

"Wa kwanza, mama."

"Mungu akusimamie. Huu mtupu, na huu nimeuchoma kidogo kwa moshi. Wengine wanapenda wa moshi."

Nilichukua mtupu. Moshi nilikuwa nao wa kutosha. Kwa hiyo mtu wa kwanza kujua kwamba nina mimba, ukitoa nesi wa Tangini, alikuwa mwanamke ambaye sikulijua jina lake, na aliitunza siri hiyo kuliko ndugu. Kila asubuhi aliniwekea vipande vyangu, akavifunga kwenye gazeti, nikavitia kwenye mkoba pamoja na chakula cha mchana.

Mkaguzi alikuja kipindi cha mvua za vuli. Usiku wa kuamkia siku hiyo ilinyesha, na kokoto zilikuwa na maji hadi chini ya mataruma. Alikuwa injinia mwanamke, mdogo kwangu kidogo, ametoka Dar na gari la kampuni, buti zake mpya lakini mtazamo wake siyo mpya. Aliamkia, "Shikamoo, mzee," mzee akaitikia marahaba, kisha akanipa mkono mimi na kusema amefurahi kumkuta dada kwenye genge. Nilimwamini. Akaeleza kwamba siku hiyo ataangalia kiungo changu, na cha mwenzangu ataangalia kesho yake, mbele kidogo. Njia ilifungwa kwa muda wetu, treni ya mizigo ikashikiliwa stesheni, tukaanza.

Nilifanya kazi nzuri, nasema bila aibu. Pengo nililikata sawasawa. Reli nilizinyanyua kidogo pale zinapokutana, kwa sababu kiungo kikipoa hushuka, na nilizinyanyua kiasi kile kile nilichofundishwa. Nikafunga kalibu. Udongo uliokuwa umebaki kwenye gunia ulitosha kuziba mara moja, nikauchota wote, nikaukanda, nikaziba. Mzee akazunguka na dole gumba lake. Hakutikisa kichwa. Injinia aliinama akatazama, akasimama, akakaa kimya, na nilijua kwamba ukimya wa mkaguzi ni maksi.

Ndipo kijana, kwa wema tu, akaona kibanio kimoja kimelegea. Hakikuwa kimelegea. Akakikaza, na mikono yake nimeshaitaja. Kalibu ikatoa mlio mdogo wa biskuti kuvunjika, na ufa ukapita kutoka juu hadi chini.

Hakuna aliyepiga kelele. Kalibu za akiba zilikuwepo. Tulifungua ile iliyopasuka, na udongo wote niliokuwa nimeuziba ukaanguka kwenye kokoto zenye maji na grisi ya zamani, ukawa tope.

"Leta udongo," mzee akasema.

"Umekwisha, mzee."

Alikwenda mwenyewe akalipindua gunia. Kilitoka kivumbi.

"Mzee, si tuchote huu wa pembeni?" kijana akasema. "Udongo si udongo?"

"Huo una mizizi, una maji. Unataka kutuua?"

Injinia alitazama saa. Alisema kwa upole kwamba itabidi kuirudisha njia kwa treni, tuweke kiungo cha muda cha bolti, na mtihani utapangwa tena. Nikamuuliza utapangwa lini. Alisema akizunguka tena, na kwamba kabla ya hapo ana reli yote hadi Tabora, kwa hiyo labda mwakani. Alikuwa ananieleza ratiba yake. Mimi nilikuwa natazama mbele ya ovaroli yangu, ambayo wiki mbili tu tangu hapo isingenificha tena, halafu nikawatazama wote watatu, na nikaona wazi kwamba nikinyamaza nimekosa mtihani, na nikisema huenda nikaukosa pia. Nikachagua huenda.

Nilikwenda kwenye mkoba nikatoa gazeti. Nilikuwa nimenunua vingi siku hiyo, vya kunituliza. Nikavimwaga juu ya kipande cha bati, nikachukua nyundo, nikaanza kuponda.

"Dada," kijana akasema, "hizo chaki umezitoa wapi?"

"Siyo chaki," mzee akasema.

Alikuwa amesimama juu yangu. Mke wake alikuwa amemzalia watoto wengi, alivijua vipande vile toka mbali. Alinitazama, kisha akageuka akalitazama gunia tupu.

"Kumbe," alisema. "Kumbe gunia."

Injinia alichuchumaa akaokota kipande, akakivunja, akakisugua kati ya vidole, akakinusa. Na yeye hakuhitaji kuambiwa. Lakini aliuliza kwanza ya kazi.

"Ni ule ule, mzee?"

"Ni ule ule. Mlima ni mmoja."

"Haujatiwa chumvi? Haujachomwa moshi?"

"Haujatiwa kitu," nikasema. "Mimi napenda mtupu."

Basi. Baada ya hapo hapakuwa na cha kuficha. Kijana ndiye aliyekuwa wa mwisho kuelewa, na alipoelewa alisema "Duh," akafunga mdomo, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Miezi mingapi?" injinia akauliza.

"Mitano inakaribia."

"Na unataka kuwasha."

"Nataka kuwasha."

Alikizungusha kile kipande mkononi. Nadhani alitafuta namna, na sidhani nasema hivyo kwa kumpendelea, kwa sababu simpendelei. Kisha akasimama akafuta vumbi.

"Dada, siwezi. Moshi ule, joto lile. Likitokea la kutokea, nitajibu nini? Nitakutazama usoni nikwambie nini?"

"Hakuna litakalotokea."

"Huwezi kujua."

Mzee alijaribu. Alisema, "Injinia, mwanangu huyu kazi yote ameshaifanya, imebaki kiberiti." Injinia akasema kiberiti ndicho kitu chenyewe. Halafu akatoa uamuzi wake, kwa sauti ya kawaida kabisa ya ofisini. Udongo unafaa, utumike. Njia isirudishwe bure. Atakayewasha ni mwanagenzi huyu mwingine, na upishi huu uhesabiwe kuwa ndio mtihani wake.

Kwa hiyo udongo wangu ulifaulu. Mimi sikufaulu.

Niliukanda kwa mikono yangu, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuukanda. Nikaziba kalibu mpya pande zote. Mzee alizunguka na dole gumba, na safari hii alizunguka polepole kuliko siku zote, akawa kama hataki kumaliza. Kisha nikaambiwa niende kule vifaa vilikowekwa, mbali, nikaenda. Kutoka kule nilimwona kijana akipasha ncha za reli mpaka zikawa nyekundu, akaweka chungu, akamimina unga, akachomeka njiti, akarudi nyuma. Ulipowaka, mwanga ulipiga majani ya korosho upande wa pili wa njia yakawa meupe mchana ule. Ukanguruma, ukatulia, chuma kikashuka. Hakikupenya popote. Hata tone.

Walipokifungua kiungo, kukata masalia na kukipiga msasa, injinia alikipima kwa mashine yake ya mawimbi ya sauti akasema hajaona kiungo safi namna hiyo mwaka ule. Kijana alipewa alama. Alipoigonga kwenye reli nyundo ilimponyoka mara mbili. Kisha alikuja nilipokuwa akasema, "Dada, nisamehe," nikamwambia hajanikosea, na ilikuwa kweli, na bado sikutaka kumwona. Injinia nilimchukia. Alikuwa na haki, na haki yake haikunipunguzia chochote. Nilimchukia ndani ya gari, nikamchukia Kwa Mathias niliposhuka, nikamchukia njia nzima hadi Mkuza.

Jioni ile nilimwambia mume wangu. Alisimama katikati ya sebule ambayo haijapigwa plasta akashika kichwa kwa mikono miwili, akacheka, akakaa, akasimama tena. Kisha nikaanza kulia, akanikumbatia akiniambia hata yeye anasikia kulia, furaha imezidi. Nilimwacha aamini hivyo. Usiku ule ule alipiga simu Bukoba, na mama mkwe akafika na mkungu wa ndizi na maagizo yake. Msimamizi wetu naye alinitumia kiroba cha mihogo kupitia gari la kazi. Hapakuwa na ujumbe ndani. Ilikuwa mihogo mizuri.

Nilihamishiwa stoo ya karakana, Kibaha. Kazi yangu ikawa kutunza mifuko ya unga isipate unyevu na kuwakabidhi wanaokwenda kupika. Ni kazi ya heshima na ina kivuli. Niliifanya mpaka nikaenda likizo ya uzazi, nikajifungua salama mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Nilimpenda papo hapo. Nasema hivi mapema ili nitakachosema mbele kisije kikasomwa vibaya.

Niliporudi kazini nilikuta mzee amestaafu, amekwenda kwenye mihogo yake. Msimamizi alikuwa yule kijana. Aliendelea kuniita dada, lakini sasa yeye ndiye aliyesema kalibu ifungwe saa ngapi, na yeye ndiye aliyezunguka na dole gumba. Alikuwa amejifunza. Mikono yake ilikuwa imepungua uzito. Niliomba kurudi kwenye reli, na yeye akaniombea kwa wakubwa bila kuniambia. Nilikuja kusikia kwa mtu mwingine. Ikachukua muda, barua ikajibiwa, nikarudi kukanda udongo, na nilishangaa kuona kwamba haukuninukia kitu tena. Ulikuwa udongo tu.

Siku ya mtihani wangu mkaguzi alikuwa mwingine, mwanaume mtu mzima aliyepiga miayo. Aliniuliza kama nina ugonjwa wa moyo, kama ninaona vizuri, kama nimekunywa pombe. Hakuuliza kama nanyonyesha, na kanuni hazikuwa na neno lolote juu ya hilo. Mtoto nilikuwa nimemwacha Mkuza na bibi yake tangu alfajiri. Mambo yalichelewa. Treni ilichelewa, njia ikachelewa kufungwa, na tulipofika kwenye kuwasha ilikuwa mchana mkali na matiti yamenijaa yananiuma kama majipu.

"Uko tayari, dada?" msimamizi akauliza.

"Niko tayari."

Nikawasha njiti, nikaichomeka kwenye unga, nikafunika, nikarudi nyuma hatua zinazotakiwa. Kwa kitambo kidogo hapakuwa na kitu. Kisha ukawaka. Nilikuwa nimeuona ukiwaka mara nyingi sana, lakini zote ulikuwa wa mtu mwingine. Chungu kikanguruma, mwanga ukapita hata kwenye miwani ya giza, na wakati ule ule, bila kilio cha mtoto yeyote, maziwa yakatoka. Yalitoka yote. Yalilowesha blauzi, yakalowesha ovaroli mpaka kiunoni, mbele ya wanaume wa genge na mkaguzi. Sikujifunika. Sikugeuka. Chuma kilikuwa kinashuka na nilitaka kukiona kikishuka.

Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyomzaa mwanangu. Jioni nilifika nyumbani, nikampokea kwa bibi yake, nikamweka kifuani, akanyonya akakuta hakuna kitu, akalia sana.